Mashine Aliyoichagua Unyoya

Kuna wanaume wana wivu na wake zao, kuna wenye wivu na vyeo vyao, na kuna wale ambao jirani akipaka nyumba rangi mpya wao usingizi hawaupati. Unyoya alikuwa na wivu na kichwa. Tena kichwa chenyewe si chake, na nywele hakina! Ukimsimulia mtu atacheka mpaka ashike mbavu, lakini Unyoya mwenyewe hakucheka hata kidogo. Roho ilimuuma kweli.

Alikuwa kinyozi. Hilo jina la Unyoya alipewa na wateja kwa sababu ya mkono wake, maana wembe wake ulipita juu ya ngozi bila mtu kujua umepita, na walikuwapo waliosinzia kitini wakaja kuamshwa wamekwisha kunyolewa. Duka lake lilikuwa chumba kimoja kinachotazama barabara, chenye kioo kirefu kilichobabuka pembeni, birika la umeme la kuchemshia maji, redio iliyoshika stesheni moja tu, na viti viwili. Kiti cha karibu na mlango kilikuwa cha kila mtu. Kiti cha dirishani, kile chenye egemeo la kichwa, kilikuwa cha Taa.

Taa alikuwa rafiki yake tangu wakiwa vijana wanazunguka pamoja kutafuta kazi. Sasa Taa alichanganya rangi katika duka la vifaa vya ujenzi, na ukimwambia unataka buluu isiyo buluu sana alikuelewa. Upara ulimwanza mapema, ukapanda kutoka kwenye paji la uso, ukambakizia ukanda mwembamba wa nywele kutoka sikio hadi sikio. Unyoya ndiye aliyemwambia ukweli. "Ndugu yangu, hizi zilizobaki zinakuaibisha bure. Nipe mimi nizimalize." Akazimaliza, kichwa kikang'aa, watu wakampa jina la Taa. Na kila Jumamosi asubuhi, kabla Unyoya hajafungua mlango wote, Taa alikuwa ameshapenya na kukaa mahali pake.

Usidhani kunyoa upara ni kazi ndogo kwa kuwa nywele ni chache. Unyoya alianza kwa taulo la moto, akaja na povu, akateremsha wembe kutoka utosini, kisha akapapasa kwa kiganja kinyume, kutafuta kilichobaki, akarudia tena. Kazi yenyewe ilikuwa kisogoni. Pale ngozi ya Taa ilijikunja mikunjo, na nywele ziliota kwa kuzunguka kama maji yanavyoingia kwenye tundu la sinki. Palikuwa na chunjua upande wa kushoto, ndogo, ambayo wembe wa mtu mwingine yeyote ungeikata. Unyoya alikijua kile kisogo kwa vidole, angekitambua hata akiwa amefumba macho. Mwenyewe Taa hakuwahi kukiona vizuri.

Halafu kulikuwa na jambo jingine. Mke wa kwanza wa Taa alipofariki, Taa alikuja dukani siku isiyo yake, akakaa dirishani. Unyoya hakumwambia pole wala hakumwambia jikaze. Alimfunika uso kwa taulo la moto, likipoa akaweka jingine, na chini ya yale mataulo mwanamume yule alilia mpaka akamaliza. Wateja waliokuwa wanasubiri waliambiwa warudi kesho. Wawili hao hawakuwahi kulizungumza tena, ila tangu siku ile Unyoya alijua moyoni mwake kwamba kichwa kile ni amana yake.

Basi, miaka ikapita, na Taa akakanyaga msumari huko kazini. Akaenda zahanati kuchomwa sindano. Nesi aliyemchoma alikuwa mjane kama yeye, mwanamke mtulivu, mwenye mkono ambao hata watoto hawakuulilia. Taa alirudi kuchomwa sindano ya pili, akarudi kuonyesha kidonda, akarudi kuonyesha kidonda kilichokwisha kupona. Unyoya alimtania mpaka akachoka. Na siku ya harusi alimnyoa kwa ustadi ambao hajawahi kuutumia kwa mtu, kichwa kikatoka kwenye picha kinang'aa kuliko pete. Alifurahi, tena kwa dhati. Mtu asije akasema Unyoya alikuwa na roho mbaya tangu mwanzo.

Kilichomuudhi kilianza na maneno mawili tu: "Mke wangu."

"Mke wangu anasema wembe unanichubua."

"Mke wangu anasema upara nao unahitaji mafuta."

"Mke wangu anasema nikiinama kisogo kinaonekana chekundu."

Kisogo! Unyoya alishika wembe hewani. Kumbe kuna mtu mwingine anakitazama. Jumamosi iliyofuata alipoinama kukipapasa alisikia harufu ya manukato mageni.

"Umepaka nini hiki?"

"Ni mafuta. Ananipaka yeye, kila siku kabla hatujalala. Ananikanda kidogo huku nyuma. Raha yake, ndugu yangu, acha tu!"

Unyoya alichukua sabuni akakisugua kile kichwa mara mbili, kama sufuria iliyoungua, mpaka Taa akauliza kulikoni. "Mafuta yanateleza," alisema Unyoya. "Wembe haushiki." Uongo mtupu.

Dada yake, ambaye alikuwa na duka la kufua na kupiga pasi mlango wa pili, na ndiye aliyemfulia mataulo, alimwona mchana ule amekaa amenuna, kofia yake ya buluu ameivuta mpaka kwenye nyusi. Kofia ile hakuivua kazini, hakuivua barabarani, na watu walishazoea kwamba ndivyo alivyo.

"Mdogo wangu, una nini?"

"Sina kitu."

"Ungekuwa mwanamke ningesema umeletewa mke mwenza."

"Dada, niache!"

"Nakuacha. Lakini kichwa cha watu si chako."

Ungedhani hapo angejirudi. Wapi! Jumamosi iliyofuata Taa alikuja na habari iliyommaliza kabisa. Alikaa, akaegemea, akafumba macho, na huku taulo la moto liko usoni akasema kwa sauti ya furaha iliyotoka chini ya kitambaa:

"Ndugu yangu, nataka kununua mashine. Zile za umeme, za kunyolea upara. Mke wangu anasema atakuwa ananinyoa nyumbani, si unajua mimi siwezi kufika kisogoni. Sasa mimi sijui kuchagua, na wewe ndiye mtu wangu. Nikichaguliwa na wewe sina wasiwasi."

Sasa wewe fikiria. Mtu anakuja kukuomba umchagulie kitu cha kukuondoa. Na anakuomba kwa upendo! Kama Taa angemficha, angalau Unyoya angemkasirikia kwa haki. Lakini alimwamini kama mtoto, na hilo ndilo lililomchoma zaidi.

"Sawa," alisema Unyoya. "Twende."

Wakaenda siku hiyohiyo, kwenye duka la vyombo vya umeme lililoko pembe ya barabara kuu. Muuzaji, mwanamke mwenye miwani na maneno mengi, aliwatolea mashine mbili juu ya meza ya kioo. Moja ilikuwa nyeusi, fupi, ya kushikwa kiganjani, na chini yake ilikuwa na vichwa vidogo vitano vinavyozunguka, kila kimoja kikijilaza chenyewe kufuata ngozi. Ya pili ilikuwa ndefu, nzito, ya rangi ya dhahabu, yenye kiwavu bapa cha chuma kilichofunika wembe, na kioo kidogo kilichowaka taa nyekundu kuonyesha chaji.

Unyoya aliziwasha zote mbili, akaziweka moja moja upande wa ndani wa kifundo cha mkono wake, pale ngozi ni laini. Ile nyeusi ilitembea kama sisimizi. Ile ya dhahabu ilifinya, ikavuta kinyweleo, na kabla hajahesabu kumi ilikuwa imeanza kupata moto. Alijua palepale. Ya dhahabu ilitengenezwa kwa ajili ya ndevu za shavuni, mahali palipo bapa. Kwenye kichwa cha mviringo ingegusa kwa ukingo tu, na kwenye mikunjo ya kisogo cha Taa, Mungu wangu, ingetafuna. Hata muuzaji alifungua mdomo kusema jambo, akamtazama Unyoya, akaona huyu ni mtu wa kazi, akanyamaza.

"Ipi?" aliuliza Taa, macho yake yanang'aa.

Unyoya alimwona Nesi akilini mwake, kidole chake kwenye ile chunjua ya kushoto.

"Hii ya dhahabu," alisema.

"Nilijua tu! Inaonekana imara."

"Na umwambie shemeji akandamize. Asiogope. Upara unataka mtu asiye na woga."

Hapo ndipo alipopitiliza. Kuchagua kibaya ni kosa moja, lakini mashine ya upara haikandamizwi, kinyozi yeyote anajua. Huachwa ijilaze yenyewe, ukaizungusha polepole kwa duara ndogondogo, ngozi ukiivuta kwa mkono wa pili. Ukiikandamiza inakula nyama. Unyoya aliyajua yote haya, akayameza, na akamsindikiza rafiki yake hadi njia panda akiwa amembebea ule mfuko.

Nia yake ilikuwa ipi? Si kumuumiza. Nia yake ilikuwa Jumamosi moja, au zikizidi sana mbili, Taa akwaruzike kidogo, aitupe ile takataka, arudi kitini akisema "ndugu yangu, hakuna kama wewe." Hayo tu ndiyo aliyoyataka. Kwa hiyo Jumamosi ya kwanza alichemsha maji mapema, akakunja taulo, akasubiri. Taa hakuja. Jumamosi ya pili alichemsha tena. Mteja mmoja mnene alitaka kukaa dirishani, Unyoya akamwambia kiti kibovu, akaweka rundo la mataulo juu yake kama kithibitisho.

"Kiti kibovu tangu lini?" aliuliza dada yake, ambaye ndio kwanza ameleta yale mataulo.

"Tangu leo."

"Haya. Na mwenye kiti hajambo?"

Unyoya aligeuza uso akaongeza sauti ya redio.

Ikafika siku hakuweza tena kuvumilia. Alijifanya ana haja ya rangi ya mlango, akaenda hadi kwenye lile duka la vifaa vya ujenzi. Jua lilikuwa kali, watu wanajipepea kwa makaratasi, na nyuma ya makopo ya rangi alisimama Taa amevaa kofia ya sufu iliyoshuka mpaka shingoni. Jasho lilimtiririka mashavuni. Unyoya alipomwona moyo wake ulirukaruka kwa furaha, na ninyi msimwonee haya kwa niaba yake, ndivyo ilivyokuwa. Imemkwaruza! Atarudi!

"Vipi mashine?" aliuliza, sauti ameituliza.

Taa alitazama pembeni. "Mashine nzuri. Mashine haina neno." Akakoroga rangi iliyokwisha kukorogwa. "Nitakuja tuongee siku nyingine."

Unyoya akarudi dukani kwake na kopo la rangi asiyoihitaji, hajui afurahi au afanyeje.

Aliyekuja si Taa. Aliyekuja ni Nesi, Ijumaa alasiri, bado amevaa sare yake nyeupe, na mkononi ameshika mfuko. Unyoya alikuwa anafagia. Nesi hakukaa. Alitoa ile mashine ya dhahabu mfukoni, imefungwa kwenye kitambaa safi, akaiweka mbele ya kioo.

"Shemeji, nimekuja unisaidie," alisema. "Na kabla hujanisaidia nikuambie ukweli: mimi nakuonea wivu."

Unyoya aliacha kufagia. "Mimi?"

"Wewe. Tangu niolewe, nyumbani kwangu tunaishi watatu. Nikimwosha kichwa, 'Unyoya huanzia utosini.' Nikimfuta, 'Unyoya hutumia taulo la moto.' Nikamwambia basi tununue mashine, angalau jambo moja liwe langu mimi na yeye. Akakubali. Akaja kuichagua na nani? Na wewe!" Alicheka, lakini macho hayakucheka. "Haya, nikamnyoa. Nikakandamiza, kama ulivyoagiza. Kichwa chote kikatoka vipele, na ile chunjua nikaikata, damu ikatoka mpaka nikaogopa. Nikasema labda mashine haifai. Unajua aliniambia nini?"

Unyoya alijua. Alitamani asiambiwe.

"Aliniambia, 'Unyoya hawezi kunichagulia kitu kibovu. Ni mkono wako. Una mkono mzito.' Mimi, shemeji! Kazi yangu yote ni mkono huu. Tangu siku hiyo nikimkaribia anashika kichwa kama mtoto anayeogopa sindano. Mafuta hataki nimpake. Jana amekula peke yake. Sasa mimi nimekubali, labda kweli ni mkono wangu. Nifundishe. Nitafanya unavyofanya wewe."

Nafasi ilikuwa imekuja yenyewe. Kilichotakiwa ni sentensi moja tu. *Kweli, shemeji, kila mtu ana kipaji chake, mrudishe kwangu.* Nesi angelia kidogo, angekubali, na kesho yake kiti cha dirishani kingepata mwenyewe. Ile sentensi ilikuwa imeshafika kwenye ulimi. Unyoya aliichukua mashine ili apate cha kushika wakati anaisema, akaifungua kiwavu, akaona ndani hakuna hata unywele mmoja. Alikuwa ameiosha. Kila tundu lilisafishwa, likakaushwa, likatiwa tone la mafuta, kwa namna ambayo yeye mwenyewe huzitunza nyembe zake. Mwanamke huyu alikitunza vizuri kitu kibovu kwa kuwa aliambiwa ni kizuri.

"Mashine haifai," alisema Unyoya.

"Si umeichagua wewe?"

"Nimeichagua mimi."

"Hukujua?"

Redio ilikuwa inatangaza bei za mbolea.

"Nilijua," alisema. "Na haikandamizwi. Hilo pia nilijua."

Nesi alimtazama kwa mtazamo wa mtu aliyezoea kutazama vidonda bila kugeuza uso. Unyoya alisubiri matusi; angeyapokea, yalikuwa haki yake. Badala yake Nesi akasema polepole, "Aliniita mkono mzito kwa ajili yako." Kisha akarudisha mashine mfukoni. "Kesho asubuhi nitakuja kabla ya zamu yangu. Nitakuja na ile inayofaa, utaniambia ni ipi. Na utanifundisha kwenye kichwa chako."

"Kichwa changu kina nywele!"

"Hakina. Mtu mwenye nywele huvua kofia jasho likimtoka. Kesho, shemeji." Akaondoka.

Ni kweli hakikuwa nazo. Hilo ndilo jambo ambalo mtaa mzima haukujua, dada yake akiwamo, kwamba kinyozi wao alikuwa amepukutika katikati yote na hujinyoa mwenyewe kwa kupapasa, mlango umefungwa. Kwa nini alificha, yeye anayewaambia wenzake wasione haya? Labda kwa sababu hakuwapo wa kumwambia, "nipe mimi nizimalize."

Jumamosi Nesi alifika na ile nyeusi yenye vichwa vitano, ambayo Unyoya alimtajia jana yake mlangoni. Kiti cha mlangoni hakina egemeo, kwa hiyo ilibidi Unyoya akae dirishani, na alipokaa alijihisi mwizi. Akavua kofia. Nesi hakucheka wala hakusema pole. Alichemsha maji, akaweka taulo.

"Sasa ishike kiganjani, kama unavyoshika chungwa," alisema Unyoya. "Usikandamize. Iache ijilaze. Duara ndogondogo. Mkono wa kushoto uvute ngozi. Hapo, ndivyo. Ukisikia inakwaruza umeenda haraka. Na wiki za mwanzo ngozi itawasha kidogo, msiogope, inazoea. Mnyoe kila baada ya siku moja, usingoje nywele zirefuke, zikirefuka zinalala na mashine haizishiki. Ukimaliza ioshe, lakini hilo najua utafanya."

"Kisogoni?"

"Kisogoni mwambie ainamishe kichwa mpaka kidevu kiguse kifua. Ile mikunjo itafunguka. Ile chunjua ya kushoto, weka kidole juu yake kwanza, ndipo upitishe pembeni ya kidole."

Ilimuuma kulitoa hilo. Lilikuwa la mwisho alilokuwa nalo, na baada ya hapo hakubaki na siri yoyote ya kile kichwa. Mkono wa Nesi ulipita juu ya utosi wake mwepesi kama wake mwenyewe, pengine mwepesi zaidi, na alikuwa anawaza hivyo kwa uchungu wakati mlango uliposukumwa.

Taa alisimama pale na kofia yake ya sufu. Alikuwa amechoka na vipele, amekuja kurudi kwa kinyozi wake. Akaona kiti chake. Akaona aliyekaa ndani yake, kipara kitupu, kinang'aa kwa jasho na mvuke, na mikono yote miwili ya mkewe iko juu ya kile kichwa.

"Ala!" alisema. "Ala!" Alimtazama mke, akamtazama rafiki, hajui ni yupi kamwibia yupi. "Hicho ni kiti changu! Na huyo ni mke wangu! Mimi nipo nyumbani nimeumuka kama andazi, ninyi mnapakana mafuta?"

"Hatujafika kwenye mafuta," alisema Nesi. "Muulize mwenzio."

Unyoya akasema akiwa amekaa, uso kwenye kioo, kwa hiyo alimwambia Taa wa kwenye kioo. "Mashine ile niliijua ni mbovu. Nilikuchagulia makusudi. Na kukandamiza nilikudanganya. Nilitaka urudi."

Taa hakuelewa mara ya kwanza, ikabidi arudiwe. Mara ya pili alivua kofia yake taratibu, na kichwa kile kilichokuwa kinang'aa kilikuwa na madoa mekundu toka utosini mpaka shingoni, na kovu bichi kwenye ile chunjua. Unyoya alikiona, akafumba macho.

"Nilimwambia mkono wake mzito," alisema Taa. Alimgeukia mkewe. "Nilikuambia una mkono mzito."

"Uliniambia."

"Nisamehe, mama."

"Tutaongea nyumbani," alisema Nesi, lakini alimfuta jasho la shingoni kwa pembe ya taulo, na Taa hakukishika kichwa.

Kisha Taa akanyoosha mkono. "Nipe hiyo mashine." Akaichukua, akaja nyuma ya kiti, akakisukuma kichwa cha Unyoya mbele kwa nguvu mpaka kidevu kikagonga kifua. "Ulisema nikandamize, siyo? Nisiogope?"

"Kandamiza ukitaka," alisema Unyoya. "Ni haki yako."

Mashine ikalia karibu na sikio lake. Aliuma meno akangoja. Ikagusa, ikajilaza, ikaanza kuzunguka polepole, kwa duara za mtu anayekoroga rangi asitake imwagike. Taa hakujua anachokifanya, aliruka mahali, akarudia mahali, akapitia sikio, lakini hakukandamiza. Dada mtu alitokea mlangoni na mataulo yake, akaona kichwa cha mdogo wake, akaziba mdomo, akageuka alikotoka.

"Sijakusamehe," alisema Taa.

"Najua."

"Tulia basi, unatikisika." Mashine ikasimama. Kidole cha Taa, kikavu, chenye harufu ya rangi ya mafuta, kikagusa mahali chini ya mfupa wa kisogo. "Hili kovu la nini?"

"Kovu gani?"

"Hili hapa. La zamani hili."

Unyoya alijaribu kulipapasa, vidole vyake vikapita juu yake bila kulijua. Alivijua visogo vya mtaa mzima, na hiki alikinyoa kwa haraka tu, hakuwahi kukiona kwa macho, na hakuna mtu aliyewahi kukaa nyuma yake akamwambia. Nesi alimwona kwenye kioo, akachukua taulo la moto bila kuuliza, akamfunika uso.

"Sijui," alisema Unyoya chini ya taulo. "Sijawahi kuliona. Likoje?"

Taa, bado amenuna, akainama karibu na kumweleza.